Upanga wa Mwanzi, Bakuli la Wali

Kwa bibi yangu, Kahama, mpunga ulikuwa wa kuuza. Majaruba tuliyaona tukiwa tumekaa nje ya nyumba, lakini chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa mtama au wa udaga. Wali ulikuwa wa Krismasi, wa Pasaka, na wa siku akija mgeni wa heshima. Bibi akipepeta mchele, punje zinazoruka ungo na kuangukia sakafuni hakuziacha. Alilowesha ncha ya kidole, akaziokota moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Hakuwahi kutueleza kwa nini, na sisi hatukuuliza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilimwona mtu mwingine akifanya vilevile. Alikuwa mkulima wa Kijapani kwenye filamu isiyo na rangi, amepiga magoti usiku, analia, anaokota mchele sakafuni punje kwa punje.

Filamu yenyewe ilikuwa Samurai Saba ya mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, dakika 207. Rafiki yangu wa bweni alinipa kwenye flashi, nami nilikaa mbele ya kompyuta nikisubiri mapanga. Hayo ndiyo niliyoyazoea. Mtaani kwetu palikuwa na banda la video, mabenchi ya mbao, magunia yamezibwa madirishani, na mkanda wenye sauti ya mtafsiri juu ya sauti za wahusika. Kila aliyeshika upanga aliitwa masta. Masta akiingia, tunapiga makofi. Damu ikiruka, banda zima linasimama. Kwa hiyo nilikaa nikamngoja masta. Kilichokuja kwanza kilikuwa njaa.

Majambazi wamesimama na farasi wao juu ya kilima, wanakitazama kijiji. Mmoja anakumbusha kwamba mchele wa hapo walishauchukua, kwa sasa hamna kitu, heri warudi shayiri ikiiva. Mkulima aliyejificha anawasikia. Kijiji kinakaa kikao, watu wanalia, na mzee wao anatoa wazo la kukodi samurai, wapiganaji wa upanga wa Japani ya zamani. Wawakodi kwa fedha ipi? Hawana. Basi, anasema mzee, tafuteni samurai wenye njaa. Hata dubu akiwa na njaa hushuka kutoka mlimani.

Nilisimamisha filamu pale nikarudia. Katika filamu zote za mapanga nilizotazama utotoni, hakuna masta aliyewahi kuona njaa.

Wakulima wanne wanakwenda mjini na mtungi wa mchele. Wanalala kwenye nyumba ya wageni ya bei ya chini kabisa, pamoja na vibarua wanaowacheka. Wao wenyewe wanakula mtama, ili mchele ubaki kwa ajili ya samurai watakayempata. Usiku mmoja mchele unaibwa. Yohei, mnyonge kuliko wote wanne, ndiye aliyekuwa analinda, na ndiye huyo niliyemwona akiokota punje chini. Humo humo ndani ya nyumba hiyo kuna bakuli ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu nzima. Kambei, samurai mtu mzima mwenye busara, amekwisha kataa kazi. Kibarua mmoja, yule yule mwenye kejeli nyingi, anachukua bakuli la wali, analinyanyua mbele ya uso wa Kambei na kumwambia atazame: haya ndiyo malipo, na hawa wanakula mtama ili wewe ule huu. Kambei anaupokea wali kwa mikono miwili. Anasema hataupoteza mlo wao. Mambo yote yanayofuata, mitaro, uzio, vita vya mvuani, vifo, yanatoka kwenye bakuli lile.

Ukishaona hivyo, unaona wali kila mahali. Kambei tunamfahamu kwa mara ya kwanza akinyolewa kichwa kando ya maji ili aonekane mtawa, kwa sababu mwizi amejifungia ghalani na mtoto wa watu. Silaha anayoomba ni matonge mawili ya wali. Heihachi, yule mcheshi, wanamkuta anapasua kuni kwa sababu hana fedha ya kulipia chakula. Kijana Katsushiro anabakiza wali wake ampelekee msichana, na Kyuzo, bingwa wa upanga anayeonekana hana moyo, anamwambia ale tu, yeye ndiye atakayebakiza wake. Ni maneno machache. Nilimpenda Kyuzo hapo kuliko kwenye pambano lake lolote.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi ndiye niliyeuleta wali kwenye filamu hiyo kutoka Kahama. Kisha nikasoma habari za Shinobu Hashimoto.

Hashimoto alikuwa mwandishi wa miswada ya filamu, mmoja wa walioandika Samurai Saba. Mwaka 1938 aliingia jeshini, akapata kifua kikuu, akalazwa miaka kadhaa kwenye hospitali ya askari wagonjwa. Huko mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwazima jarida la filamu lenye muswada ndani yake. Hashimoto akausoma, akaona kwamba hata yeye anaweza kuandika hivyo. Aliuliza nani bingwa wa kazi hiyo Japani, akatajiwa Mansaku Itami, na alipopata kitu cha kuonyesha akamtumia. Itami, naye mgonjwa wa kifua kikuu, akamjibu na kumfundisha. Muswada wa kwanza wa Hashimoto kuchezwa ndio uliozaa Rashomon ya Kurosawa, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1951 na kuifungulia sinema ya Japani milango ya dunia.

Baada ya hapo Kurosawa alitaka filamu ya siku moja katika maisha ya samurai. Samurai anaamka, anakwenda kazini ngomeni, anafanya kosa, na jioni anajipasua tumbo, yaani anajiua kwa desturi ya samurai. Walitaka kila kitu kiwe cha kweli. Hashimoto akaingia maktaba kufanya utafiti, na kilichomshinda ni chakula cha mchana. Wakati ule samurai alibeba chakula kutoka nyumbani, au alipikiwa ngomeni? Na je, watu walikula milo mitatu au miwili tu? Hakupata jibu la uhakika. Bila kujua chakula cha mchana, filamu haikuandikika, na ikatupwa. Kurosawa alikasirika sana. Lakini swali la tumbo halikuondoka. Wakaanza kujiuliza samurai wa zamani aliyezunguka nchi nzima akijifunza upanga, bila mshahara, aliishije. Jibu likaja kwamba mahali pengine wakulima walimpa chakula, naye akakesha usiku akilinda kijiji dhidi ya majambazi. Hapo ndipo Samurai Saba ilipozaliwa.

Kurosawa, Hashimoto na mwandishi mwenzao Hideo Oguni walijifungia kuiandika kwenye nyumba ya wageni huko Atami, pwani, wiki sita hivi. Simu hazikupokelewa, wageni hawakuruhusiwa.

Nikirudi kwa Kurosawa mwenyewe, kuna jambo moja ambalo kwa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video lina ladha ya pekee. Kaka yake, Heigo, alikuwa benshi. Enzi za filamu bubu, benshi alisimama kando ya pazia ukumbini akisimulia: anaigiza sauti za wahusika, anaeleza nchi ya mbali, anawafanya watazamaji wacheke au walie. Heigo alisimulia filamu za kigeni, na ndiye aliyemwongoza mdogo wake nini cha kutazama. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Lufufu na watafsiri wenzake, sauti zilizotufunza sisi kuipenda sinema kabla hatujajua neno mwongozaji. Filamu zenye sauti zilipofika Japani, mabenshi wakakosa kazi. Wakagoma, wakashindwa. Heigo alijiua mwaka 1933. Akira alikuwa na miaka 23. Siwezi kutazama ronin wa Kurosawa, samurai asiye na bwana, mwenye ujuzi mkubwa usiotakiwa tena na mtu, bila kumfikiria kaka huyo. Kurosawa hakusema hivyo popote ninapojua. Ni mawazo yangu mimi.

Kuhusu upigaji wa Samurai Saba mengi yameandikwa, nitataja machache. Kampuni ya filamu ya Toho ilitoa bajeti, ikaisha. Wakubwa wakasimamisha kazi. Kurosawa akaenda kuvua samaki, kwa sababu aliamini wameshatia fedha nyingi mno kuweza kuiacha. Vita vya mwisho alivibakiza hadi mwisho makusudi, ili wakitaka filamu yenye mwisho walazimike kulipa. Walipofika huko ilikuwa majira ya baridi kali ya mwanzoni mwa 1954, mvua ya mabomba inamwagwa juu ya tope, na Toshiro Mifune anakimbia miguu na mapaja wazi. Kurosawa aliweka kamera kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine kwa mbali na lenzi ndefu, ili mwigizaji asijue ipi inamtazama. Ndiyo maana farasi wanaonekana kama watakuangukia. Mtunzi wa muziki, Fumio Hayasaka, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafariki mwaka uliofuata na miaka 41 tu. Kifua kikuu kimewafuata watu hawa kila mahali.

Mifune alizaliwa Qingdao, China, mwaka 1920, na vita alivitumikia katika kikosi cha anga, kitengo cha picha. Baada ya vita alikwenda Toho kuomba kazi ya usaidizi wa kamera, akajikuta kwenye usaili wa waigizaji wapya. Katika Samurai Saba yeye ni Kikuchiyo, anayejiita samurai na kuonyesha hati ya ukoo kama ushahidi. Kambei anaisoma na kucheka: kwa hati hiyo, mwenye jina ana miaka 13. Kikuchiyo hajui kusoma. Ni mtoto wa mkulima.

Halafu inakuja siku wanapogundua kwamba wakulima wana silaha na deraya za samurai waliokimbia vita, yaani waliwaua majeruhi na kuwavua. Samurai wenzake wanakunja uso. Mmoja anasema anatamani kuwachinja wanakijiji wote. Hapo Mifune analipuka. Mnawadhani wakulima ni malaika? Ni waongo, wachoyo, wauaji. Mchele wameuficha chini ya sakafu. Lakini nani aliyewafanya hivyo? Ni ninyi samurai, mnaochoma vijiji, mnaopora chakula, mnaochukua wanawake. Kamera inamgeukia Kambei, na macho yake yamejaa machozi. Kurosawa, ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa samurai, aliandika hayo miaka michache baada ya jeshi la nchi yake kuwafanyia mengi ya aina hiyo watu wa Asia. Sidhani aliandika kwa bahati mbaya.

Wanne kati ya saba wanakufa. Wote wanne wanauawa kwa risasi. Hakuna hata mmoja anayeangushwa na upanga.

Sasa tazama kitu hiki. Katika Samurai Saba, mtaani wakati wakulima wanakodoa macho kutafuta mtu wa kumwajiri, samurai mmoja kijana anakatiza mbele ya kamera kwa sekunde chache. Ni Tatsuya Nakadai, hajulikani na mtu, ambaye Kurosawa alimrudisha na kumrudisha kwa saa nyingi kwa sababu hakutembea kama samurai. Mwaka 1962 Nakadai huyo huyo, akiwa na miaka 29, aliigiza mtu mzima mwenye mjukuu katika Harakiri ya Masaki Kobayashi. Na mwandishi wa Harakiri ni Hashimoto.

Ni mwaka 1630. Ukoo wa kabaila mmoja umevunjwa, samurai wake maelfu hawana kazi wala mshahara, wamejazana Edo, Tokyo ya leo. Baadhi wamegundua njia: unabisha hodi kwenye nyumba ya ukoo mkubwa, unaomba ruhusa ya kujipasua tumbo uani kwa heshima, nao wanakupa fedha kidogo uondoke. Kijana Motome anafika kwenye nyumba ya Iyi kwa sababu mke wake ana kifua kikuu na mtoto anaungua na homa. Nyumba ya Iyi inaamua kumfanya funzo: ajipasue kweli. Na wakichomoa upanga wake, wanakuta mwanzi. Upanga wa chuma alishauuza siku nyingi, kununua chakula na dawa. Wanamlazimisha ajipasue kwa huo huo mwanzi.

Sitaeleza zaidi. Nilipoitazama mara ya kwanza nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za bweni hadi mikono ilipotulia. Baba mkwe wa Motome ndiye Nakadai, na yeye anakuja kubisha hodi katika nyumba hiyo hiyo, anakaa uani juu ya mkeka na kuanza kusimulia, taratibu, na biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, katika muziki wa Toru Takemitsu inakwaruza kama kitu kinachochanika. Yeye mwenyewe alikuwa na upanga wake nyumbani. Wakati mkwe anauza wa kwake kwa ajili ya familia, yeye wazo la kuuuza halikumjia kabisa. Hilo ndilo linalomkata kuliko chochote walichofanya Iyi.

Kobayashi alijua anachosema kuhusu utii. Jeshini, Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, alikataa kupandishwa cheo ili abaki askari wa kawaida, na vita vilipokwisha alikuwa mfungwa huko Okinawa. Mwisho wa Harakiri, kitabu cha kumbukumbu cha nyumba ya Iyi kinaandikwa kana kwamba hapakutokea aibu yoyote, damu inafutwa, deraya ya ukoo inarudishwa mahali pake. Na Nakadai naye wanammaliza kwa bunduki.

Miaka 40 ikapita, mwanzi ukarudi. Mwaka 2002 Yoji Yamada, mtu aliyefahamika kwa filamu za vichekesho vya familia, alitoa filamu yake ya kwanza ya samurai, Tasogare Seibei, yaani Seibei wa Jioni. Yamada alikulia Manchuria, akarudi Japani mwaka 1947 na familia yake ikiwa maskini. Seibei, anayeigizwa na Hiroyuki Sanada, ni karani wa ghala la chakula la ngome. Kazi yake ni kuhesabu mizigo. Mshahara wake ni koku 50, na koku moja ni kiasi cha mchele kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, kilo 150 hivi: gunia moja na nusu kwa vipimo vyetu vya sokoni. Humo wamo mabinti wawili, mama mzazi aliyepoteza kumbukumbu na kumuuliza mwanawe ni wa ukoo gani, na deni la mazishi ya mke. Wenzake wakimwita wakanywe, anakwenda nyumbani. Usiku anasuka vizimba vya wadudu apate senti za ziada. Nguo zimetoboka, ananuka, na mkubwa wake anamkemea mbele ya watu.

Siku anapolazimishwa na ngome kwenda kumuua samurai mwingine aliyejifungia nyumbani, wawili hao wanakaa kwanza na kuzungumza. Wanazungumza kuhusu wake zao, kuhusu binti aliyekufa, kuhusu kifua kikuu. Yule mwingine anaigizwa na Min Tanaka, mcheza dansi, na mwili wake unasogea gizani kama moshi. Seibei anamwamini, anamweleza kwamba upanga wake mrefu aliuuza ili amzike mke wake, na anamwonyesha: ndani ya ala mna mwanzi. Mwenzake anageuka. Umekuja kuniua na mwanzi? Aibu ya Motome imerudi, ila safari hii anayeivaa anataka tu kurudi kwa watoto wake.

Lazima nimtaje na Seizo Fukumoto, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye mabango. Aliingia studio za Toei, Kyoto, akiwa na miaka 15, na kazi yake ilikuwa kufa. Kwa Kijapani watu hao wanaitwa kirareyaku, wenye kukatwa. Inasemekana alikufa mbele ya kamera mara 50,000. Nyota wa filamu anapitisha upanga, na Fukumoto anajipinda kwa nyuma, mgongo umekunjika kama kamba wa baharini, anabaki hewani kidogo, uso umegeukia kamera, kisha anaanguka. Nimetazama vipande vya vifo vyake usiku mzima. Anajua hasa mahali ambapo upanga umemgusa. Upanga wa nyota ni wa bandia; kinachoufanya ukate ni yeye. Mwaka 2014, akiwa amevuka miaka 70, alipewa kwa mara ya kwanza nafasi ya mhusika mkuu, katika Uzumasa Limelight, filamu ya mzee ambaye kazi yake ni kufa kwenye filamu. Alifariki siku ya kwanza ya mwaka 2021.

Desemba iliyopita nilimpelekea bibi Samurai Saba kwenye simu. Haoni vizuri, na maandishi ya Kiingereza kwake si kitu, basi nikamsimulia mwenyewe, nikiwa nimekaa naye mkekani, siku tatu, kila siku kipande. Majambazi aliwalaani kwa Kisukuma. Yohei alipoinama kuokota mchele, bibi alinyamaza, akaninyang'anya simu, akaisogeza karibu na macho.

Mwisho wa filamu, waliobaki hai ni samurai watatu. Wanatazama makaburi manne juu ya kilima, panga zimechomekwa kwenye udongo. Chini, wanakijiji wanapanda mpunga. Wanaume wanapiga ngoma na kuimba, wanawake wameinama kwenye maji kwa mstari, miche mkononi. Kambei anasema kwamba wao wameshindwa tena, walioshinda ni wakulima. Nilimtafsiria bibi hayo polepole, kwa sababu nilitaka ayasikie vizuri. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anahesabu miche kwa kidole juu ya kioo.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Pale wanapopanda."